Kidude Cheusi Juu ya Kabini: Redio ya Setilaiti na Malori ya Mombasa

Dereva mmoja wa trela alinijia Changamwe amekumbatia kisanduku kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mpwa wake anaendesha malori huko Texas, na alikuwa amemtumia zawadi: redio ya setilaiti ya SiriusXM, kama ile anayosikiliza mwenyewe safari nzima, jimbo hadi jimbo. Fundi wa kwanza alikuwa ametoboa paa la kabini, akapitisha waya, akaunganisha umeme. Kidude kikawaka vizuri, kikaandika kwamba kinatafuta mawimbi. Siku mbili baadaye kilikuwa bado kinatafuta. Fundi akabadilisha antena, akabadilisha fyuzi, akalipwa mara mbili, na mawimbi hayakuja.

"Fundi, hebu niangalizie waya umekatikia wapi," mzee akaniambia.

Waya haukuwa umekatika popote. Antena ilikuwa nzima, umeme ulikuwa sawa, na redio yenyewe ilikuwa nzuri kuliko nyingi zinazouzwa hapa. Kilichokosekana ni setilaiti. Redio ile ilikuwa ikiwasikiliza watangazaji walio upande wa pili wa dunia, na hakuna fundi wa Mombasa awezaye kutengeneza hilo kwa bisibisi.

Inaniuma kuona dereva akitoa posho ya safari nzima kwa kitu ambacho angeelezwa kwa dakika kumi kabla ya kununua. Kwa hiyo nieleze hapa, kwa utaratibu, maana neno "setilaiti" limebeba mizigo mingi isiyo yake.

Setilaiti ina mahali pake

Kituo cha FM kina mlingoti. Kituo cha setilaiti nacho kina mlingoti, ila umeinuliwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Katika kimo hicho setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hutumia kujizungusha, ndiyo maana kwetu sisi tulio chini ni kama imepigiliwa msumari angani. Haihami. Inatajwa kwa digrii za longitudo, vile nyumba inavyotajwa kwa mtaa wake.

Setilaiti za XM, moja ya kampuni mbili zilizoungana kuwa SiriusXM, zilipangwa digrii 85 na 115 magharibi, juu ya Amerika. Sisi Mombasa tuko karibu digrii 40 mashariki. Tofauti kati yetu na ile iliyo karibu zaidi inapita digrii 120, ilhali setilaiti ya kimo hicho huzama chini ya upeo wa macho tofauti ikishafika digrii 81 hivi. Maana yake ni kwamba dunia yenyewe imekaa katikati kama ukuta. Upandishe antena juu ya kontena, uipandishe juu ya kreni ya Kilindini, ukuta ni ule ule. Sirius nao, kabla ya kuungana na XM mwaka 2008, walianza na setilaiti tatu zilizokuwa zikichora umbo la nane angani ili zikae juu ya Amerika Kaskazini kwa muda mrefu wa siku. Kila kitu katika mfumo ule kilipimwa kwa mwili wa bara lile.

Na kule kweli unafaa. Marekani kuna barabara ambazo dereva huendesha siku nzima akipita eneo la kituo kimoja cha FM baada ya kingine, kila kimoja kikimfia masikioni. Setilaiti humpa kituo kimoja kutoka bahari hadi bahari, na katika SiriusXM kuna hata chaneli ya madereva wa malori, namba 146, wanakopiga simu na kuzungumzia mizigo, sheria na barabara. Mijini, ambako maghorofa huziba anga, kampuni ilisimamisha minara ya ardhini inayorudia matangazo yale yale kwa masafa yale yale ya megahezi 2,320 hadi 2,345. Msikilizaji hajui kama muda huu anasikia kutoka angani au kutoka kwenye mnara. Hiyo ndiyo siri ya redio ya setilaiti kwenye gari linalokwenda: setilaiti peke yake haitoshi.

Afrika tuliwahi kuwa nayo

Vijana wengi wa barabarani hawajui kwamba setilaiti ya kwanza iliyojengwa mahususi kwa redio za kidijitali za wasikilizaji wa kawaida ilirushwa kwa ajili ya Afrika, kabla ya hizo za Marekani. Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, alianzisha kampuni ya WorldSpace mwaka 1990 akiwa na wazo kwamba bara ambalo mawimbi mafupi huja yakikwaruza linastahili sauti safi kutoka juu. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yao, AfriStar, ilirushwa kwa roketi ya Ariane kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikawekwa digrii 21 mashariki.

Kutoka Mombasa, digrii 21 mashariki ni pahali pazuri mno. Ukisimama kisiwani ukautazama upande wa Changamwe, magharibi ikielemea kaskazini kidogo, kisha ukainua uso karibu digrii 67, AfriStar ilikuwa hapo. Juu kabisa. Hakuna mnazi wala ghorofa la jirani la kukuzibia. Huu ni utajiri wa watu wa ikweta ambao hatuutambui: setilaiti zinazotuhudumia husimama karibu na utosi. Tazama tu madishi ya DStv kwenye mapaa ya Mombasa. Setilaiti wanayoitumia iko digrii 36 mashariki, nasi kwa hesabu tunaiona zaidi ya digrii 80 juu, kwa hiyo madishi yamelala chali. Ulaya yangekuwa yamesimama yakitazama upeo.

Lakini hata AfriStar haikuwa redio ya lori. Mawimbi yake, kwenye megahezi 1,467 hadi 1,492, yalifika ardhini yakiwa dhaifu, na redio zake zilitumia antena bapa ambayo ilibidi uielekeze. Nyumbani unaiweka dirishani au juu ya paa, unaigeuza mpaka mawimbi yajae, unaiacha. Sasa iweke juu ya trela linalopanda kona za Mazeras. Kila kona inageuza antena upande mwingine, na hapakuwa na minara ya kurudia matangazo kando ya barabara ya Nairobi kama ile ya miji ya Marekani. Ukiegesha, inaimba. Ukiondoka, inakatika.

Oktoba 2008 kampuni ikaingia katika mufilisi, na huduma ile ikafa. Bado hukutana na vile visanduku katika meza za vifaa vya mitumba, vingine vikiwa na antena yake kamili, na muuzaji atakuapia kwamba vinashika dunia nzima. Havishiki kitu. Hivi sasa hakuna setilaiti inayotangaza redio moja kwa moja kwa redio ndogo ya gari katika Afrika Mashariki, na anayekuuzia kifaa cha kazi hiyo anakuuzia plastiki.

Basi kile kidude kwenye paa ni nini?

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia, na sina lawama kwa dereva yeyote. Antena ya redio ya setilaiti, ya zile za Marekani, ni kidude cheusi chenye ukubwa wa kiberiti au biskuti, chenye sumaku chini na waya mwembamba. Antena ya GPS nayo ni kidude cheusi cha ukubwa ule ule, sumaku ile ile, waya ule ule. Hii si bahati. Ukubwa wa antena hufuata urefu wa wimbi. GPS iko kwenye megahezi 1,575, ambako wimbi lina urefu wa sentimita 19 hivi. Redio ya SiriusXM, sentimita 13. Mawimbi ya jamaa moja huzaa antena za sura moja.

Ila GPS haibebi sauti. Setilaiti zake, zilizo kilomita 20,200 juu, hutuma saa, saa sahihi ajabu, pamoja na mahali zilipo angani, na kifaa chako hupiga hesabu ya umbali kutokana na kuchelewa kwa kila wimbi. Kidude cha kampuni ya kufuatilia magari kinapokea saa hizo, kinajua lori liko wapi, kisha kinatuma habari hiyo kwa mtandao wa simu kama ujumbe wowote mwingine. Hata zile kufuli za kielektroniki ambazo KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hufunga kwenye kontena za kwenda Uganda na Rwanda hutegemea setilaiti kujua zilipo. Kwa hiyo dereva anayesema "lori langu lina setilaiti tayari, niunganishie redio" anasema kweli nusu. Setilaiti ipo. Redio haimo ndani yake.

Naomba hapa tusikilizane vizuri: usimruhusu fundi yeyote kukata waya wa kifaa cha kufuatilia ili "akopeshe" antena, na usiweke konveta (kile kisanduku cha kushusha volti) wala bamba la chuma juu yake. Mawimbi yale ni dhaifu, chuma kidogo tu juu ya antena huyaziba. Kufuli ya mzigo wa forodha ikinyamaza njiani, maswali utakayoulizwa hayatahusu muziki.

Dishi la televisheni ni kitu cha tatu. Ndani ya matangazo yake mna chaneli za sauti tupu, na madereva wengine hubeba dishi dogo la kufungua wakilala Mlolongo au kwenye foleni ya Malaba. Linafanya kazi vizuri lori likiwa limesimama na dishi limeelekezwa. Lori likisogea hatua chache kwenye foleni, anza upya.

Cha nne ndicho kilichobadilisha mambo. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake haziko kilomita elfu thelathini na tano. Ziko mia tano na hamsini hivi, zinapita kasi, moja ikizama nyingine inachomoza. Lile bamba lake jeupe lina antena ndogo ndogo nyingi zinazogeuza "jicho" lao kwa umeme bila kitu chochote kuzunguka, ndiyo maana halihitaji kuelekezwa kama dishi. Linaleta intaneti, na redio inakuja ndani ya intaneti. Bamba dogo, lile linaloitwa Mini, hupokea umeme wa volti 12 hadi 48, kwa hiyo hukubali umeme wa lori bila kupitia inveta, na hula wati 25 hadi 40, chini ya ampea mbili kwenye volti 24. Angalia tu kwamba mpango unaolipia unaruhusu kutumika gari likitembea, maana si yote inayoruhusu. Na kwa mtu anayetaka redio peke yake, naona ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa. Ukiwa na familia unayoongea nayo kwa video, au kampuni yenye malori ya kwenda Juba, hesabu inabadilika.

Simu iliyo mfukoni

Wengi wetu tayari tuna redio inayofika mbali: simu. Vituo vya Pwani na vya Nairobi hutangaza kwenye intaneti, na hofu kubwa ya dereva ni bando. Tupige hesabu. Matangazo ya kilobiti 128 kwa sekunde hula megabaiti 58 kwa saa. Safari ya lori lenye mzigo hadi Nairobi, kilomita 480 na ushei, tuseme saa kumi na mbili ukihesabu mizani ya Mariakani na chai ya Mtito Andei: hiyo ni karibu megabaiti 700. Kituo cha kilobiti 32, ambacho kwa mazungumzo na habari kinatosha kabisa, hula robo ya hapo. Chagua ubora wa chini kwenye programu yako kama unaruhusiwa, na pakua vipindi ukiwa kwenye waifai kabla ya kuondoka, kwa ajili ya zile sehemu za Tsavo ambako mtandao huyumba.

Simu ikishakuwa chanzo, kinachobaki ni kuifikisha sauti kwenye spika bila kelele. Kazi iliyobaki sasa ni ya umeme, na hapa sitaharakisha, kwa sababu hapa ndipo malori yanapoharibiwa.

Volti 24 na dhambi ya betri moja

Gari dogo lina betri moja ya volti 12. Lori kubwa lina mbili, zimeunganishwa mfululizo, zinatoa 24. Redio nyingi za madukani ni za volti 12. Ukiichomeka redio hiyo kwenye 24 unaiunguza papo hapo, jambo ambalo kila fundi analijua. Njia ya mkato inayojulikana ni hii: chukua waya kutoka katikati, mahali betri mbili zinapokutana, upate 12 kutoka kwa ile ya chini. Redio inaimba. Dereva anafurahi. Hakuna konveta iliyonunuliwa.

Tazama kinachofuata. Altaneta huchaji betri mbili kana kwamba ni moja, ikilenga jumla ya volti 28 hivi. Haiwezi kujua kwamba ya chini inalishwa redio na ya juu haifanyi kazi hiyo. Ya chini inabaki na njaa kila siku. Ya juu imeshashiba lakini bado inamiminiwa. Jumla ni 28 ile ile, ila moja ina 13 na nyingine 15. Ya juu inachemka, maji yanaisha, sahani zinakwisha. Ya chini haijai kamwe, inaota salfa. Baada ya miezi kadhaa lori linagoma kuwaka alfajiri, mwenye lori analaani kampuni ya betri, ananunua betri moja mpya na kuiunganisha na ile kuukuu, na hiyo mpya inaanza safari ile ile ya kufa. Nimefungua masanduku ya betri nikakuta waya mwembamba mwekundu katikati, mara nyingi mno, na kila mara ni redio, au chaja ya simu, au feni ya tanboi.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kununua redio ya volti 24 halisi. Zipo, zimeandikwa hivyo mgongoni, na kama bei inakaribiana chukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Ya pili ni konveta ya kushusha 24 hadi 12. Konveta za zamani hushusha kwa kugeuza volti za ziada kuwa joto: redio ikivuta ampea tano, wati 60 zinapotea zikichoma kidole chako. Za kisasa hukatakata umeme kwa kasi na hazipati joto sana, lakini ile kukatakata huzaa kelele ya redio, na konveta ya bei ya chini isiyo na kichujio itaujaza FM mvumo kama nyuki. Ijaribu kabla ya kuifunga: washa redio kwenye kituo dhaifu, sogeza konveta karibu na mbali. Ukisikia tofauti, itafutie mahali mbali na waya wa antena au irudishe dukani. Nunua ya ampea kumi zinazodumu, si kumi za dakika moja zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, kabla waya haujaanza safari yake. Fyuzi iliyoko nyuma ya redio inalinda redio. Haikulindi wewe dhidi ya waya uliosuguliwa na chasi mpaka ukachubuka. Na kabini za malori yetu mengi huinuka mbele ili fundi afikie injini. Waya unaotoka kwenye betri, zilizo kwenye chasi, hadi ndani ya kabini lazima upite pale kwenye bawaba pamoja na nyaya nyingine, na uachiwe ulegevu. Mtu akiupima kabini ikiwa imelala, siku itakapoinuliwa utakatika au, vibaya zaidi, utabaki na jeraha usiloliona.

Nyaya za redio zenyewe zina rangi zinazofuatwa karibu kila mahali: njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu za vituo, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni ardhi. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kushoto na kulia. Kijani na zambarau ni za nyuma. Wenye mstari mweusi ni upande hasi. Usiunganishe upande hasi wa spika kwenye chuma cha kabini kama walivyofanya mafundi wa zamani. Redio za siku hizi husukuma spika kwa waya zote mbili, na ukigusisha mmoja kwenye chasi utaiua. Konveta nayo hula umeme kidogo hata redio ikiwa imezimwa, kwa hiyo lori linalosubiri mzigo wiki mbili likae na konveta inayozimwa na ufunguo, iliyo na njia ndogo ya pekee kwa ajili ya ule waya wa njano.

Kwa malori ya mafuta nina neno moja tu. Swichi kuu ya betri ikizimwa, kila kitu kizimike, redio ikiwemo. Fundi akiiruka swichi hiyo kwa waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri ili kumbukumbu za vituo zisipotee, mfukuze.

Erio

Ukishapata umeme safi, FM yako itakuwa nzuri kadiri ya erio yako, yaani antena ya FM. Kwenye megahezi 98, robo ya wimbi ni sentimita 77 hivi, na fimbo ya urefu huo hushinda vile vipezi vya plastiki vya kupendezesha paa. Fimbo ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni bati la kabini, kwa hiyo kitako chake lazima kishike chuma kitupu. Malori mengi yana kofia ya upepo ya faiba juu. Ukiifunga fimbo hapo haina chuma cha kuegemea, na sumaku haitashika. Kwangua rangi, kaza, kisha paka grisi juu yake, kwa sababu chumvi ya bahari yetu hula kiungio kilicho wazi kabla mwaka haujaisha. Waya wa antena usiukate kuufupisha, usiupinde kama kamba ya kiatu, usiubane kwenye mlango.

Kama lori lako lilikuja limetumika kutoka Japani na bado lina redio yake ya asili, kuna tatizo lingine. Bendi ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kuishia 90, au 95 kwa mpya zaidi. Yetu ni 88 hadi 108. Kile kijisanduku cha kupanua bendi hushusha vituo vyetu kwa kiasi kimoja, kwa mfano megahezi 14, ili 98 isikike kwenye 84. Kinafanya kazi, lakini kinaongeza ukwaruzaji na kinaficha nguvu ya vituo dhaifu. Kwa gari la mjini nakubali. Kwa lori la masafa marefu, badilisha redio.

FM husafiri kama mwanga, kwa mstari ulionyooka. Vituo vya Mombasa huanza kuchoka ukishapita Mariakani. Kisha Taita inakuokoa: Vuria, kilele cha mita 2,208, kimebeba milingoti inayomwaga matangazo hadi tambarare za Voi. Baada ya hapo ndipo simu, au bamba jeupe, hupata kazi yake.

Yule mzee nilimfungia redio ya volti 24 yenye bluetooth, fimbo ya sentimita 77 kwenye bati la kabini, na fyuzi miguuni pa betri. Nilimwondolea pia waya mwekundu uliokuwa katikati ya betri mbili. Hakujua kwamba upo. Redio ya SiriusXM tuliifuta vumbi, tukaikunja waya wake vizuri na kuirudisha katika boksi lake, maana jamaa yake mmoja anasafiri kwenda Texas, na huko ina setilaiti zake juu yake. Kilichobaki ni lile tundu la fundi wa kwanza kwenye paa. Nililisafisha kutu, nikalipaka rangi ya kuzuia kutu pembeni, nikatia kifuniko cha mpira na silikoni, nikamwambia asilioshe kwa maji ya kasi mpaka kesho yake. Masika yalikuwa wiki mbili mbele, na kitanda chake kiko chini yake kabisa.